Kukopi, kugeuza au kusampo: njia tatu za kurudia wimbo wa roki

Albamu ya kwanza ya Beatles, iliyotoka Machi 1963, ina nyimbo 14, na sita kati yake walizichukua kwa watu. Ya kwanza ya Bob Dylan, 1962, ina nyimbo 13. Alizotunga mwenyewe ni mbili. Ya kwanza ya Rolling Stones, 1964, ina nyimbo 12, na uliobeba majina ya Mick Jagger na Keith Richards ni mmoja tu, "Tell Me". Anayesema kwamba mwimbaji hurudia wimbo wa mwenzake kwa sababu ameishiwa, aanze kwa kutueleza habari za hao, ambao wakati huo walikuwa hata hawajaanza.

Shida ni kwamba neno "kurudia" limebeba vitu vitatu visivyofanana. Kuna kopi: unaupiga wimbo kama ulivyo, hadi kikohozi cha mwimbaji. Bendi za hoteli Afrika Mashariki zimelijua neno hilo miaka mingi, "kupiga kopi", na wanaolisema hawalitukani. Kuna kugeuza: melodi na mashairi vinabaki, nyumba nzima inajengwa upya. Na kuna kusampo: unakata kipande cha rekodi yenyewe ya mtu na kukishonea kwenye wimbo wako. Vijana wanaita viwili vya kwanza "kava" bila kuvitenga, na hapo ndipo bendi nyingi zinapopotea, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake, gharama yake na makaratasi yake.

Anza na sababu

Usichague njia kabla hujajua kinachokusukuma. Beatles walisukumwa na saa. Tarehe 11 Februari 1963 walirekodi nyimbo kumi kwa siku moja mjini London, na hilo liliwezekana kwa sababu nyimbo za watu walizobeba walikuwa wamezipiga usiku kwa usiku kwenye vilabu, hazikuhitaji mazoezi. "Twist and Shout", ambayo Isley Brothers walikuwa wameivumisha mwaka uliotangulia, iliachwa mwisho kabisa kwa makusudi. John Lennon alikuwa na mafua, na wimbo ule unakwangua koo. Waliupiga, na mara ile ya kwanza ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Ukiwa na siku moja ya studio, wimbo ambao mikono yako tayari inaujua ni akiba.

Joe Cocker alikuwa na sababu nyingine: sauti ya pekee, lakini hakuwa mtunzi mkubwa. Mwimbaji wa namna hiyo hana budi kuishi kwa nyimbo za wengine, na kwake uchaguzi wa wimbo ndio utunzi. Van Halen, walipotoka na singo yao ya kwanza mwaka 1978, walichagua "You Really Got Me" ya Kinks ya 1964. Msikilizaji hakuwajua wao ila wimbo aliujua, na hivyo akapata mahali pa kupimia jinsi gitaa la Eddie Van Halen lilivyokuwa tofauti.

Wengine hurudia ili kumbeba mtu. Nirvana waliporekodi onyesho lao lisilo na magitaa ya kelele kwa ajili ya televisheni ya MTV, Novemba 1993, nyimbo sita kati ya 14 hazikuwa zao. Tatu zilikuwa za Meat Puppets, bendi ambayo wengi wa watazamaji hawakuijua, na ndugu wawili wa bendi hiyo walipandishwa jukwaani wapige nao. Rolling Stones nao, wakiwa wazee, walirudi walikotoka: albamu yao ya 2016 ina nyimbo 12 za bluzi za watu wengine, na waliirekodi kwa siku tatu.

Pia kuna deni, na hili watu hulisahau. Mwenye haki za wimbo mmoja wa Chuck Berry alimshitaki Lennon akidai "Come Together" ya Beatles imechukua humo. Wakapatana nje ya mahakama kwamba Lennon atarekodi nyimbo kutoka kwenye hazina ya mdai huyo. Albamu yake ya nyimbo za zamani, ya 1975, ilianzia hapo.

Sababu moja haimo kwenye orodha hii: pesa za utunzi. Anayerudia hazipati hata senti, hata kama toleo lake ndilo lililouza mamilioni. Analipwa kama mwimbaji, basi. Kama unatafuta mapato ya muda mrefu kutokana na utunzi, funga ukurasa huu ukaandike wimbo wako.

Kwa haraka, kando kwa kando

| | Kopi | Kugeuza | Kusampo |
|---|---|---|---|
| Inafaa zaidi | Jukwaani, harusini, hotelini | Singo na albamu | Muziki unaojengwa kwenye kompyuta |
| Unachotumia cha mwenzako | Melodi, maneno na mpangilio | Melodi na maneno | Rekodi yenyewe pamoja na utunzi |
| Ruhusa za kutafuta | Ya utunzi | Ya utunzi. Zaidi ukigusa maneno au melodi | Mbili: mwenye utunzi na mwenye rekodi |
| Kazi kubwa iko wapi | Sikio na nidhamu | Kuchagua kii (kimo cha sauti ya wimbo), mwendo na cha kuacha | Mazungumzo ya mkataba |
| Kinachoharibika mara nyingi | Kulinganishwa na asili na kushindwa | Kubadilisha vitu vingi mno | Kutoa wimbo kabla ya kusaini |

Kopi: jukwaani ni mfalme, studioni ni mgeni

Jukwaani msikilizaji anataka kuimba, na hawezi kuimba usichompa. Akisubiri ule mlio wa gitaa unaofungua wimbo ukampa kitu kingine, umempokonya. Kwa hiyo kopi ipigwe kwa uaminifu, na uaminifu huanzia kwenye kutyuni.

Rekodi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazikai sawasawa kwenye A ya 440, kipimo cha kawaida cha kutyuni. Tepu iliharakishwa kidogo au ilipunguzwa, wakati mwingine kwa makusudi, na wimbo ukaangukia kati ya kii mbili. Ukityuni gitaa kwa mashine kisha ukapiga sambamba na rekodi, utasikia kitu kinachokwaruza na utaanza kulaumu masikio yako. Usilisogeze gitaa liifuate rekodi. Isogeze rekodi kwenye programu ya kompyuta mpaka ikae kwenye kii kamili, halafu ujifunze kutoka hapo. La sivyo kibodi na besi nazo itabidi zihangaike.

Jambo la pili ni gitaa lililoshushwa nusu toni. Jimi Hendrix, Guns N' Roses, na Nirvana katika onyesho lile la MTV, wote walishusha nyuzi zote sita kwa nusu toni. Ukiwafuata kwa gitaa la kawaida utakuta kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ngumu zisizo na nyuzi wazi, na utashangaa mwenzako aliwezaje kuzipiga huku akiimba. Hakuzipiga. Shusha nyuzi, kodi zitakuwa zile nyepesi unazozijua. Kama unatumia nyuzi za unene wa 9, zitalegea na kupayuka. Panda hadi 10. Mpiga besi ashushe naye. Mpiga kibodi abonyeze kitufe cha kuhamisha sauti, hasi moja, na hapa ndipo ajali za jukwaani zinapozaliwa: wimbo unaofuata ni wa kii ya kawaida na yeye kasahau kurudisha. Panga nyimbo zote za nusu toni zifuatane.

Tatu, rekodi ya roki ina magitaa matatu au manne yaliyopandishwa juu ya mengine, nanyi mko watano. Mkijaribu kupiga yote mtapiga nusunusu. Chagueni yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyaimba kwa mdomo: kipande cha kufungulia, mwendo wa besi, na jibu la gitaa baada ya kila mstari wa kiitikio. Mengine yaachwe. Nne, rekodi nyingi zinaishia kwa kufifia. Jukwaa halififii. Kubalianeni baa (fungu la mapigo) ya mwisho na nani atatoa ishara, maana bendi inayotazamana mwishoni imeharibu dakika nne nzuri zilizotangulia.

Studioni hali hugeuka. Rekodi ya asili ipo, inasikilizwa kwa bei ileile, na wewe ni kivuli chake. Historia ya kopi za studio nayo haipendezi. Katika miaka ya 1950 Marekani, kampuni zilikuwa zikichukua wimbo wa mwimbaji mweusi uliokuwa unaanza kushika, zinaunakili na mwimbaji mweupe, na redio nyingi zinapiga nakala. Pat Boone na "Tutti Frutti" ya Little Richard ni mfano unaojulikana. LaVern Baker alikerwa zaidi: Georgia Gibbs alitoa "Tweedle Dee" yake, 1955, kwa mpangilio uleule karibu noti kwa noti. Baker akampelekea malalamiko mbunge. Hakupata kitu, kwa kuwa sheria ya Marekani ililinda utunzi, na mpangilio wa ala na namna ya kuimba havikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo kopi ya studio ina nafasi moja tu tunayoiona kuwa halali kisanaa: pale ambapo asili yenyewe haijasikika. Nirvana hawakuzigeuza sana zile za Meat Puppets, na hawakuhitaji. Habari kwa msikilizaji ilikuwa wimbo wenyewe.

Kugeuza: hapa ndipo rekodi hujilipa

Jaribio la kwanza halihitaji studio. Piga wimbo kwa gitaa moja la kawaida, lisilo la umeme, na sauti, mwendo wa polepole, bila kile kipande maarufu cha gitaa. Ukisimama wenyewe, unageuzika. Ukianguka, maana yake wimbo ule ni kile kipande, na ukikiondoa umebaki na ganda. Nyimbo nyingi za roki nzito ziko hivyo. Hizo ziachie jukwaa.

Tazama "All Along the Watchtower". Dylan aliirekodi Nashville mnamo Novemba 1967: gitaa la kawaida, kinanda cha mdomo, besi na drams, dakika mbili na nusu. Kodi tatu zinazozunguka bila kubadilika, beti tatu, hakuna kiitikio. Wimbo mkavu, na ukavu huo ndio uliomwachia Hendrix nafasi. Alianza kuurekodi London Januari 1968, wiki chache baada ya albamu ya Dylan kutoka, na uliachiwa Septemba. Kodi ni zilezile tatu. Melodi ileile. Maneno karibu yote. Alichoongeza ni muda, hadi dakika nne, na muda huo aliujaza kwa mpango: solo ya kati ina vyumba vinne, cha kwanza solo ya kawaida, cha pili gitaa la kuteleza, cha tatu gitaa linalolia kwa pedali ya wawa, cha nne kodi za juu zinazorudisha kwenye ubeti. Hakuna chumba kinachofanana na jirani yake, ndiyo maana kodi tatu haziwachoshi watu. Dylan mwenyewe baadaye jukwaani aliusogelea mpigo wa Hendrix.

Mara nyingi wanamuziki husoma mfano huo vibaya, wakafikiri siri ni kuongeza. Johnny Cash aliondoa. "Hurt" ya Nine Inch Nails, 1994, ina gitaa lenye noti inayogongana na kodi kwa makusudi, ili sikio lisitulie, na inazidi dakika sita ikiishia kwenye mvumo wa kelele. Cash, akiwa na miaka 70, na prodyuza Rick Rubin, waliitoa ile noti, wakabakiza kodi safi, gitaa, piano inayogonga noti moja kwa nguvu kadiri wimbo unavyopanda, na wakafunga kabla ya dakika nne. Tusi moja kwenye mashairi likabadilishwa likawa taji la miiba. Trent Reznor wa Nine Inch Nails alipotoa wimbo ule hakuwa amefika miaka 30, na maneno yalikuwa ya kijana anayejiumiza. Kinywani mwa mzee yakawa ya mtu anayehesabu waliomtangulia. Cash alifariki Septemba 2003. Huko ndiko kugeuza kusikonunuliwa na ala yoyote, na ni kipimo kizuri cha kujiuliza: maneno haya, nikiyasema mimi, yanabadilika maana? Kama hayabadiliki, basi mwendo na ala ndivyo vitakavyobeba kazi yote.

Cocker alibadilisha hesabu ya mapigo. "With a Little Help from My Friends" ya Beatles, 1967, iliandikwa na melodi finyu kumfaa Ringo Starr, mapigo manne kwa baa, mwendo wa kutembea, chini ya dakika tatu. Cocker, 1968, aliiweka kwenye mapigo ya sita kwa nane, polepole kama nyimbo za kanisani, akaweka kinanda mwanzoni, gitaa la Jimmy Page, na waimbaji wa kike wanaouliza maswali naye akijibu kwa kupasuka. Ilikwenda zaidi ya dakika tano na kufika namba moja Uingereza. Melodi finyu ndiyo iliyomsaidia: mwimbaji mwenye sauti pana hupata mahali pa kuruka kwenye wimbo ambao mtunzi hakuujaza.

Ukitaka kujaribu njia ya Cocker, hesabu silabi kwanza. Wimbo wa mapigo manne una nafasi nane ndogo kwa baa. Wa sita kwa nane una sita. Mstari uliojaa silabi nane utakulazimisha ama uueneze kwenye baa mbili ama ubane maneno hadi yasisikike. Tanua, usibane. Ndiyo sababu matoleo ya namna hii huwa marefu, na ndiyo sababu ubeti mmoja mara nyingi hukatwa.

Kii ipimwe kwa noti ya juu kabisa ya kiitikio. Iimbe mara kumi mfululizo, mwisho wa mazoezi, koo likiwa limechoka. Ikivunjika kabla ya mara ya sita, shusha nusu toni, jaribu tena, kisha nyingine. Lakini angalia chini pia: ukishusha nusu toni nne au tano, ubeti huzama na maneno yake hupotea chini ya besi, na ile hali ya mtu anayejinyoosha kufikia kitu, ambayo ndiyo roho ya nyimbo nyingi za roki, huondoka. Ukifika hapo bila mafanikio, wimbo si wako. Uko mwingine.

Mwendo nao usiuguse kidogo. Tofauti ya asilimia tano husikika kama drams zimekosea. Nenda asilimia 20 au zaidi, au uache ulivyo. Halafu chagua mabadiliko mawili, si matano: mwendo na ala, au mapigo na kii, au mpangilio wa sauti na urefu. Melodi ya kiitikio isiguswe, maana hiyo ndiyo kamba anayoshika msikilizaji. Devo walijaribu kamba hiyo iko wapi walipoichukua "Satisfaction" ya Rolling Stones, 1978: walikitupa kile kipande maarufu cha gitaa, wakavunja mdundo vipandevipande, hata ilibidi Mick Jagger asikilizishwe kwanza aseme kama anaridhia. Aliridhia. Si kila mtunzi ataridhia.

Kosa moja la studioni ni dogo na hurudi kila mara: kusikiliza asili asubuhi ya siku ya kurekodi. Mwimbaji ataiga pumzi, lafudhi na vile vimaneno vya katikati ambavyo mwenzake alivitoa bila kupanga. Jifunzeni wimbo, andikeni kodi na maneno kwenye karatasi, kisha asili isisikilizwe kwa wiki mbili. Maneno yenyewe yachukuliwe kwa sikio na kuhakikiwa, kwa sababu tovuti za mashairi zinanakiliana makosa.

Kusampo: kwa bendi ya magitaa, mara chache inalipa

Hapa hatutakaa. Rekodi ina mwenyewe na utunzi una mwenyewe, mara nyingi watu wawili tofauti, na kila mmoja ana haki ya kukataa au kutaja bei anayotaka. The Verve walitumia kipande kutoka kwenye rekodi ya "The Last Time" ya Rolling Stones iliyopigwa na okestra ya Andrew Oldham. "Bitter Sweet Symphony" ikatoka 1997, ikavuma dunia nzima, na mgogoro wa haki ukaisha kwa majina ya Jagger na Richards kuandikwa kama watunzi, fedha za utunzi zikienda huko. Richard Ashcroft alirudishiwa haki hizo mwaka 2019, miaka 22 baadaye. Kama unachotaka ni sauti ile ya vinanda vya nyuzi, ajiri wapigaji wanne urekodi yako mwenyewe. Utakuwa umeondoa ruhusa moja kati ya mbili.

Makaratasi, na bei yake

Marekani ina mlango ambao nchi nyingi hazina. Tangu sheria ya 1909, na sasa kwenye kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki, wimbo ukishatolewa rasmi kwa umma kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba, mradi atoe taarifa na kulipa kiwango kilichowekwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya roki ya Marekani kujaa nyimbo za kurudia. Kiwango kilikuwa senti 2 kwa nakala hadi mwisho wa 1977. Kilikaa senti 9.1 tangu 2006 hadi 2022, kikawa senti 12 mwaka 2023, na 12.7 mwaka 2025.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kiwango cha 2023, CD 10,000 zenye wimbo mmoja wa kurudia usiozidi dakika tano ni dola 1,200 kwa mtunzi. Ukizidi dakika tano, unahesabiwa kwa dakika, senti 2.31 kila moja: toleo lako la dakika nane ni senti 18.48, yaani dola 1,848 kwa CD zilezile. Solo ndefu ina bei. Taarifa ipelekwe kabla ya kusambaza. Ukichelewa, mlango wa leseni ya lazima unafungwa kwa wimbo huo. Kwa kusikiliza na kupakua mtandaoni ndani ya Marekani, tangu Januari 2021 huduma zenyewe huchukua leseni ya jumla kupitia The MLC, shirika linalokusanya malipo ya watunzi, lakini CD na santuri zimebaki juu yako.

Mlango huo una vizingiti vitatu. Unaruhusiwa kupanga wimbo kwa mtindo wako ila si kubadilisha melodi ya msingi wala tabia yake. Hauhusu video: picha ikishaungana na wimbo, ruhusa nyingine inahitajika, na mwenye utunzi anaweza kukataa. Na hauhusu tafsiri. Hili la mwisho ni muhimu kwa anayetaka kuuimba wimbo wa roki wa Kiingereza kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno mapya ni kazi mpya iliyotokana na ya mtu, na bila idhini ya mwenyewe huna haki ya kuitoa. Kuimba kwa Kiingereza kilekile kwa ala zako ni rahisi zaidi kisheria kuliko kutafsiri mstari mmoja wa kiitikio.

Uingereza ilifuta leseni ya namna hiyo kwa sheria ya 1988. Huko unapitia MCPS, shirika linalotoa ruhusa za kurekodi tungo. Kwa aliye Tanzania, pa kuanzia kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki; kwa Kenya, KECOBO, bodi ya hakimiliki. Usichukulie kwamba sheria ya Marekani inakufuata nyumbani.

Kwenye fomu ya msambazaji wa mtandaoni, sehemu ya mtunzi iandikwe watunzi, si aliyeuvumisha. Anayerudia "All Along the Watchtower" ya Hendrix bado anamwandika Dylan. Jina la mwimbaji wa asili lisiwekwe kwenye kichwa cha wimbo. Wasambazaji hulirudisha, wakiona ni njia ya kuvua wasikilizaji wa mtu. Na mtunzi akiwa na utata, simama. Msomaji wa Kiswahili anao mfano karibu: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa, 1982, ina mtunzi anayejulikana, na Boney M walipoigeuza mwaka uliofuata palikuwa na wa kuandikwa. "Malaika", ambayo Boney M na Miriam Makeba pia waliirekodi, imegombewa: Fadhili William kwa upande mmoja, Adam Salim kwa upande mwingine. Wimbo wa hivyo unaweza kukuletea barua mbili za wanasheria zinazodai fedha zilezile.

Nyimbo za asili zisizo na mtunzi zinaonekana za bure, na kwa malipo ya utunzi ni za bure kweli, lakini mpangilio wako unaweza kusajiliwa kwa jina lako, na hapo ndipo marafiki hugombana. "The House of the Rising Sun" ni wimbo wa zamani wa watu wa Marekani. The Animals, vijana watano wa Newcastle, waliurekodi Mei 1964 kwa kuupiga mara moja, na ukafika namba moja Uingereza na Marekani. Gitaa linaloufungua ni la Hilton Valentine, sauti ni ya Eric Burdon. Kwenye lebo ya santuri, mahali pa mpangaji, majina matano hayakutosha, likaandikwa moja, la mpiga kinanda Alan Price, na fedha za mpangilio zikamfuata yeye peke yake. Mwaka uliofuata alikuwa ameshatoka kwenye bendi.